Ahadi Iliyoishia kwa Mnunuzi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni iliyotuahidi, waheshimiwa mawakili mlioandamana naye, ndugu watengenezaji wa programu mnaojitolea, na wewe dada yetu tunayekuaga leo: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake.

Mimi ni mwalimu wa historia, na sioni. Nimefundisha kwa msaada wa programu ya dada huyu, inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kompyuta. Aliiandika kwa ajili ya baba yake alipopofuka, kisha akaiacha huria, yeyote aitumie na kuirekebisha bila kumwomba ruhusa.

Sauti ya programu hiyo ilikwaruza kama bati. Ndipo Mheshimiwa alipotuita, akatangaza kwamba kampuni yake ina hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya njia bora ya kutengeneza sauti, na kwamba haitamshtaki yeyote atakayeitumia kwenye programu huria. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Dada peke yake aliuliza kama ahadi hiyo itawekwa kwenye mkataba. Mheshimiwa alicheka kwa upole.

"Kwani neno letu halitoshi, mama?"

Nani kati yetu angesema halitoshi, huku tunakunywa chai yake?

Basi dada akaijenga programu upya juu ya neno hilo. Kampuni ikauza hataza, na mnunuzi akatuma wakili kututishia mashtaka. Dada alipopiga simu kwa Mheshimiwa, katibu alimjibu kwamba ahadi ilikuwa ya mwenye mali, na mwenye mali amebadilika.

Watengenezaji wenzake dada wana watoto na nyumba. Hakutaka waburutwe mahakamani. Akaiondoa ile sauti mpya kwa mkono wake, na ile ya bati haikuwamo tena. Asubuhi moja, katikati ya somo, kompyuta yangu ikawa bubu. Nilimpigia.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Nimeizima mwenyewe."

Aliyeomba msamaha ni yeye. Hebu fikirini hilo.

Leo anaiacha kazi ya programu hii, na nasikia mkinong'ona kwamba amechoka. Hajachoka. Amevunjwa moyo, na tofauti yake mnaijua.

Mheshimiwa, umetuambia hivi punde kwamba unayo hataza nyingine, tuitumie bila hofu. Sisi tusioona tunasikiliza kwa makini. Nimekusikiliza mwanzo hadi mwisho, na sikukusikia ukimtaja atakayeinunua.

Dada, asante kwa sauti uliyotupa. Nanyi wengine, nashukuru mmenivumilia hadi neno la mwisho.