Chai ya Mama Satwant: Kumuaga Bwana Taufiq Dar

Tarehe 30 Juni 1994, baada ya takriban miaka thelathini ya utumishi, Bwana Taufiq Dar anastaafu uandishi wa michezo ya kuigiza katika kituo chetu cha runinga hapa Lahore. Aliingia kijana mwembamba mwenye mashairi mfukoni. Anatoka na kitambi, na mashairi bado yako mfukoni, maana nusu yake hayatangaziki.

Kwao ni Amritsar, upande wa India, mwendo wa saa moja tu kwa gari kama si mpaka. Katika hadhara za washairi, watu wakimpigia kelele "Rudia! Rudia!", huwajibu, "Nyinyi mwasema rudia, nyumbani mke wangu husema yatosha." Watu huvunjika mbavu, naye hurudia.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mchezo wake, uwe wa mahakamani, uwe wa wafalme, lazima mama fulani atokee uani, atazame paani na kuita, "Wee Tofi, shuka! Chai inapoa!" Tofi hajibu wala hashuki. Mwaka mmoja mwongozaji wetu, Bwana Nadim Butt, alichoka akakikata kipande hicho. "Wafalme na chai wapi na wapi?" akafoka.

Juni ile walikuja mahujaji wa Kisikh kutoka Amritsar, ambako mitaa mizima huelekeza antena kwetu kunasa matangazo yetu. Mzee mmoja alifika getini amekasirika. "Mama Satwant hali, halali. Anauliza, Tofi mgonjwa au kafa? Mbona hakuitwa?"

Ndipo tulipojua. Mama Satwant Kaur alikuwa jirani wa kwao Bwana Dar, na alimlea pamoja na wanawe. Siku moja mwaka 1947, India na Pakistan zilipotenganishwa, alimwita kutoka uani anywe chai. Mtoto alikuwa paani na tiara yake, akanyamaza, akitaka kwanza kuukata uzi wa tiara ya mwenzake angani. Mara ghasia za kuwafukuza Waislamu zikaingia mtaani. Baba yake akampitisha juu kwa juu, paa hadi paa, mpaka kwenye lori la kuja huku. Hakujibu, hakuaga. Bwana Butt alilia mbele ya watu, na kipande kile hakukikata tena.

Miaka miwili hii mahujaji hawakuleta salamu za Mama, ambaye sasa anakaribia themanini. Bwana Dar akaingiwa na hofu kwamba amechelewa. Katika mchezo wake wa mwisho, uliorushwa mwanzoni mwa mwezi huu, mama wa uani aliita kama kawaida. Safari hii sauti ilijibu kutoka juu, nayo ilikuwa ya Bwana Dar mwenyewe, yenye mikwaruzo: "Nashuka, Mama."

Juzi mahujaji walifika. Mama yu hai, na ametuma maneno: "Mwambieni nimeibandika upya. Asinisemeshe tena kwenye runinga, aje anywe."

Jumatatu mwenzetu anavuka mpaka kwa miguu. Bwana Dar, asante kwa kicheko cha miaka yote hii. Nenda salama, ustaafu wako uwe wa raha, na ukishamaliza kikombe chako, utunywee na sisi kimoja.