Pindo la Gauni la Mama Nyonga

Miaka thelathini na mmoja ya kunyoosha watu inakamilika leo Ijumaa, tarehe 28 Machi, siku ambayo mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, Mama Nyonga, anastaafu rasmi. Jina lake halisi liko kwenye faili. Sisi wengine tulishalisahau.

Alianzia chumba namba nne, chenye vitanda viwili na feni inayozunguka ikijisikia. Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mgongo ulimtesa hadi akataka kuachana na ushonaji. Mama akamkanda mgongo miezi sita. Wapi! Siku moja alipeleka sketi ikapunguzwe, akamwona fundi akiinuka kitini: kiwiliwili kimeinama, nyonga hazitaki kufunguka. Hapo akang'amua kosa lake. Kukaa kutwa kulikuwa kumekaza misuli ya mbele ya nyonga. Fundi akisimama, misuli hiyo inavuta fupanyonga mbele, na kiuno kinabinuka kupita kiasi ili kumweka wima. Mama alimwomba radhi papo hapo, mbele ya wateja. Wakashughulikia nyonga wiki kumi, na fundi akabaki na cherehani yake.

Tangu hapo hakumgusa mtu mgongo kabla ya kumtazama akiinuka kwenye benchi la korido. Mimi, karani wa mapokezi, amenifukuza kitini kila nusu saa kwa miaka tisa. Nimenung'unika weee! Lakini mgongo wangu mzima, na namshukuru.

Sasa umbea kidogo. Fundi yule yule ndiye anayemshonea gauni la kuagwa. Alipolijaribu juzi, pindo lilishuka mbele, likapanda nyuma. Mama akalaumu kitambaa. Fundi akapima mara tatu, kisha akamwambia bila kupepesa macho kwamba kitambaa hakina neno, nyonga zake ndizo zimekaza. Miaka yote hiyo ya kuinamia vitanda vyetu, yeye hajalalia hata kimoja. Tumeona aibu, maana sote tulimwona akiinama tukasema ni umri.

Fundi amegoma kushona pindo mpaka mwenyewe asimame wima, ndiyo maana leo mnaona pini. Basi Mama, ahsante kwa migongo yetu yote, na ustaafu wako uwe wa raha. Jumatatu saa mbili asubuhi kitanda namba mbili ni chako. Faili nimeshalifungua, kwa jina lako halisi.