Kioo Kabla ya Siku ya Maziwa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii, Profesa Thenmozhi uliyemlea mwanangu katika elimu, Sornam Amma na akina mama wakuu wa jamaa ya thirunangai, mabinti zangu wote mliokubali kupimwa, na ninyi majirani wa mtaa wangu ambao najua mmefuata chakula: nawaamkia nyote kwa viganja viwili.

Kama nimekosea mpangilio, nisameheni. Profesa aliniambia nianze na wakubwa. Nikamuuliza, mkubwa ni nani hapa, Mkuu wa Chuo au Sornam Amma aliyewauguza nusu ya mabinti waliomo humu ukumbini? Alicheka tu. Basi nimefuata vyeo, na mengine namwachia Mungu.

Mimi ni Valliammai. Nasukuma apalamu, zile chapati nyembamba za dengu mnazokaanga zikafura, na shule niliishia darasa la tano. Mwanangu, mnayempongeza leo kwa utafiti wake, ni Dokta Kuyili. Narudia kwa walioketi nyuma: Dokta Kuyili! Katika ukoo wetu, kwangu na kwa marehemu baba yake, aliyekaribia udaktari kuliko wote alikuwa shangazi mmoja aliyekanda watu viuno. Nilimzaa Kuyili nikidhani ni mvulana, akanisahihisha. Tangu siku hiyo hajaacha kunisahihisha, na leo kwa kuwa mmenipa kipaza sauti mimi peke yangu, mtanivumilia.

Sasa, utafiti wake ulihusu nini? Mimi nimeelezwa mara nyingi, na kila nikielezwa naelewa mpaka nifike jikoni. Alitaka kujua hivi: thirunangai, yaani mwanamke aliyezaliwa akaitwa mvulana, akifanyiwa upasuaji wake, moyo wake unakuwaje na akili yake inakuwaje? Anakumbuka kama zamani? Anafikiri kama zamani? Analala, anacheka, anakula? Basi aliwapima mabinti kabla ya kupasuliwa, akawapima tena baada ya kupasuliwa. Na yeye mwenyewe ni thirunangai, alipasuliwa zamani katika mji mwingine. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya kwanza. Nikamuuliza, “Sasa wewe, mwanangu, ni mpimaji au mpimwaji?” Akasema, “Mpimaji, Mama.” Nikasema, “Ila ungepimwa ungeshinda.”

Vipimo vyenyewe vilikuwa vya kukumbuka maneno, kupanga picha, na kimoja cha kioo. Unapewa karatasi yenye nyota, mkono wako unafunikwa usiuone, mbele yako kuna kioo, nawe unafuatisha mistari ya ile nyota huku ukitazama kiooni tu. Nilijaribu mimi. Nyota yangu ilitoka kama kaa aliyekanyagwa.

Ndugu zangu, matokeo ya kwanza yalipokuja, mwanangu alipitiliza chumbani kwake. Chai ikapoa. Nikamfuata. “Kuna nini?”

“Mama, kipimo cha kioo kimeanguka. Kabla ya upasuaji walichora vizuri. Baada yake, kila mmoja kachora ovyo. Kila mmoja.”

“Maana yake nini?”

“Sijui. Ukisoma tu namba, unaweza kusema upasuaji unapunguza akili.”

Na kamati ya hospitali ilikuwa inangoja ripoti yake. Wangeisoma, kisha waamue kama upasuaji uendelee au usimame kwanza. Nikamwambia, si uifiche hiyo namba ya kioo, nani atajua? Akanitazama kama nimempa sumu. “Nikificha, Mama, mimi ni mtafiti gani?” Mnamwona mtoto niliyemzaa? Hata uongo wa mama yake hautaki.

Lakini mimi sikulala vizuri tena, maana ni mimi niliyemshika mkono siku alipopasuliwa. Je, nilimpeleka mwanangu akapunguziwe akili? Nani angeweza kuniambia? Nikaanza kumpima mwenyewe, jikoni, kwa ujanja. Namtuma sokoni na viungo saba bila karatasi, analeta vyote saba na chenji sahihi. Namuuliza jina la mume wa pili wa shangazi yake, analitaja. Kesho yake namuuliza tena.

“Mama, unanipima?”

“Mimi? Nakuuliza tu.”

“Umeniuliza habari za huyo bwana wiki nzima!”

“Bwana mwenyewe hasahauliki, alitukimbia na mtungi wetu wa shaba.”

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, lakini hofu haikuondoka, kwa sababu mtu anaweza kukumbuka mtungi na bado kuna kitu kimempungua usichokijua.

Kisha akaja Poonguzhali. Mnamjua, yule fundi cherehani wa karibu na stendi, anayewashonea blauzi na kuwasengenya humo humo. Tarehe yake ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa. Ameingojea tangu ujana, kwao walishamfukuza, hana wa kumwuliza. Akasimama mlangoni kwetu, hataki kuketi. “Dada Kuyili, nasikia mtaani kwamba wakishakata, akili inapungua. Nitasahau vipimo vya nguo? Niambie kweli. Kama ni kweli, nitaendelea kungoja, hata maisha yote.”

Mwanangu huwa ana jibu la kila kitu. Akamwambia, “Sijui bado, dada.” Poonguzhali akaondoka bila kuaga. Hotuba za shukrani hazisemi mambo haya, lakini mimi nitasema: siku ile nilitamani mwanangu angekuwa msukuma apalamu.

Asubuhi iliyofuata, Kuyili akasema vipimo vya kioo vyote walivifanya wasaidizi wake, wakitazama karatasi tu, sasa anataka kuona kwa macho yake. Tukaenda wote nyumbani kwa Sornam Amma, nami nikabeba pilipili za kukausha ili safari isiwe ya bure. Ndani palikuwa na binti aliyepasuliwa wiki chache nyuma. Kioo kikawekwa, karatasi ikawekwa, binti akashika penseli. Akachora. Mimi natazama karatasi, naona mistari inakimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Lakini Kuyili hakutazama karatasi. Alimtazama binti usoni.

“Dada, mbona umefumba macho?”

Binti akazidi kuyafumba.

“Fumbua, utazame kioo.”

“Siwezi, Dokta. Sijanyweshwa maziwa.”

“Sasa kwa nini hukusema?”

“Wewe ni wetu. Tungekukataliaje? Wote tulikubaliana, tunafumba tu tunachora.”

Sornam Amma alikuwa mlangoni, tambuu mdomoni. Akacheka cheko lile lake linaloamsha mtaa. “Dokta mzima! Wewe ulitoka arobaini yako wapi? Hujui binti hatazami kioo mpaka siku ya maziwa?”

Waheshimiwa msioijua desturi hiyo, ni kama mzazi na arobaini yake. Thirunangai akishapasuliwa hukaa ndani. Hachani nywele, haoni kioo, kwa sababu, wanasema, akitazama mapema ataona uso wa zamani umerudi. Arobaini ikitimia anaogeshwa kwa manjano, anavikwa sari ya kijani, anapewa maziwa, ndipo anakabidhiwa kioo. Na vipimo vya pili vya mwanangu vilipangwa vyote ndani ya arobaini.

Kwa nini hakujua? Kwa sababu alipopasuliwa yeye, sikumpeleka kwenye jamaa. Nilimleta nyumbani, nikampikia uji, nikamfunika shuka. Kioo alikiona ndani ya basi, tukirudi, akapaka wanja. Hakuna aliyetufundisha. Alisoma vitabu vyote vya chuo hiki, na hakuna kilichokuwa na sura ya maziwa.

Sornam Amma alipogundua hilo aliacha kucheka. Akasema, “Basi alikuwa na mama yake. Wengi wa hawa maziwa wanapewa nami kwa sababu mama hawana.” Sikujua kama nimesifiwa au nimeonewa huruma. Mpaka leo sijui.

Dokta wangu akaiandikia kamati ukweli wote, kosa lake na yale macho yaliyofumbwa, akaomba muda. Akangoja arobaini ya kila binti, akapima upya. Siku alipomaliza kujumlisha, akaja mbio, sari imemvuka begani. “Mama! Hakuna kilichobadilika!”

Nikaanza kulia. Taabu yote ile, macho yote yale yaliyoharibikia kwenye kompyuta, na hakuna kilichobadilika?

“Mama, usilie! Akili zao ni zile zile, kabla na baada. Ndiyo habari njema yenyewe!”

Ndugu wageni waalikwa, nani amewahi kushangilia kwamba hakuna kilichotokea? Mimi nimeshangilia. Nimegawa ladu, vile vitamu vya duara vya unga wa dengu, mtaa mzima, na watu wakiuliza kuna nini, nawajibu, hakuna kitu, kuleni.

Ila mioyo ilibadilika. Hilo lilionekana. Wengi wamepata nafuu kubwa, wanalala, wanakula. Waliochelewa kupata nafuu, anasema Dokta, ni wale waliougua peke yao, bila mtu wa kukaa kitandani pao. Nilimuuliza kama hilo nalo lilihitaji kupimwa. Akasema, “Ndiyo, Mama, lisipopimwa haliwekewi kitanda cha muuguzaji wodini.” Hapo sikuelewa vizuri, lakini naambiwa Mganga Mkuu ameelewa, na kitanda kimeshawekwa. Mheshimiwa, Mungu akulipe.

Namshukuru Profesa. Nawashukuru mabinti, kwa subira yenu na hata kwa uongo wenu wa adabu. Namshukuru Dokta Kuyili, mwanangu, aliyekosea mbele ya watu na kusahihisha mbele ya watu.

Wamenipangia kuketi hapa mbele mpaka mwisho wa sherehe, kando ya Mkuu wa Chuo, na ni heshima ambayo ningeisimulia mpaka kufa. Lakini Poonguzhali, aliyekubali baada ya kusikia matokeo, amepasuliwa jana. Yuko ghorofa ya tatu, ameamka, anaulizia nani anakuja. Mtaniwia radhi, waheshimiwa: ninyi endeleeni kupiga makofi, mimi napanda juu kukaa naye. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.