Mluzi wa Kuita Upepo

"Shikamoo, bibi," kijana mwenye helmeti mapajani alimwamkia jirani yake kwenye basi la kutoka Mgori. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikijifanya nasinzia.

"Marahaba. Ninyi ndio wa minara ya umeme wa upepo?"

"Ndiyo, bibi. Umeme hauna moshi, na vijana tumepata kazi."

"Mnara mmoja mmeusimika pale tulipokuwa tukipepetea mtama. Upepo ukitulia, mama alikuwa anainua ungo, anapiga mluzi mrefu, na upepo unakuja. Sote tunanyamaza kuusubiri."

Kijana akacheka kwa adabu, maana bibi hachekwi waziwazi. "Siku hizi mtama unapepetwa kwa mashine, bibi. Na mashine inataka umeme."

"Hata mimi nautaka, mkaa umeshatumalizia msitu. Lakini pale mama ndipo aliponifundisha mluzi, na hakuna aliyeniuliza kabla ya kuusimika mnara. Haya, siku upepo ukigoma, nani atauita?"

Basi likasimama stendi ya Singida. Kijana akachukua helmeti yake, akashuka. Dirishani nilimwona anavuka barabara, midomo ameikunja, anajaribu mluzi. Ikatoka hewa tupu.