Dkt. Muzdalifa Awaaga Majike wa Mpakani

Baada ya miaka kumi na minane ya utumishi, mwenzetu Dkt. Muzdalifa Khalid anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Anarudi kwao Tanga. Sisi tunabaki hapa Guangzhou na skrini zetu, na kusema kweli sijui nani atanigombeza.

Alianzia msituni Kigoma, akifunga kamera kwenye miti iliyo mpakani mwa makundi mawili ya sokwe yasiyopatana. Baadaye alihamia maabara hii kuchambua picha za kamera hizo hizo. Wakati huo wengi wetu, nami nikiwa kinara, tuliamini makundi yakikutana ugomvi ni wa madume tu. Yeye akatuwekea picha za majike. Jike mwenye kichanga hurudi nyuma, maana jirani akimkamata mwanawe huweza kumuua. Asiye na kichanga mara nyingi husogea mbele, akapiga kelele na kufukuza wageni sambamba na madume. Makala zake kuhusu jambo hilo leo hutumika kufundishia.

Somo hilo lilifika hadi Barabara ya Zhanqian. Tulipokwenda kununua nguo, yeye alikuwa mbele akibishania bei na wenye maduka, mimi nyuma na mifuko. Nikitaka kuchangia neno, alinikumbusha kwamba mwenye mzigo hasogei mbele. Nimetulia huko nyuma miaka yote, na kitambi changu ni ushahidi.

Kipenzi chake alikuwa Zumaridi, jike mzee asiyekosa mstari wa mbele. Ushanga, binti wa Zumaridi, alipopevuka alihamia kwa majirani, kama mabinti wengi wa sokwe wafanyavyo. Tangu hapo Muzdalifa aliihofia siku watakayokutana mpakani. Siku ikafika, kamera ikanasa. Zumaridi alitoka mbio akipiga kelele. Upande wa pili, nyuma kabisa, Ushanga alikuwa amekumbatia kichanga. Zumaridi akasimama, sauti ikakatika, madume wakampita.

Nilikwishaanza kuandika kwamba mama amemtambua mwanawe. Muzdalifa akanishika mkono.

“Kaka Wilbard, usiandike amemtambua, hilo hujaliona,” alisema. “Andika amenyamaza.”

Alitamani kuwaona tena wawili hao pamoja. Hajawaona, na mkataba umekwisha.

Jumamosi tulimwandalia chakula cha mchana kwenye mgahawa wa mtaa wa Huanshi Zhonglu. Bintiye Hasna, aliyeolewa huku na atakayebaki huku, alikaa meza ya nyuma akibembeleza mtoto. Muzdalifa alisimama kutushukuru, akatutania mmoja mmoja, mpaka macho yake yakafika kwenye meza ile.

Dada Muzdalifa, ahsante kwa kutufundisha kutazama. Tunakuombea afya njema, na usingizi wa mchana usiokatizwa na maswali yangu. Kamera tutaziangalia, na Hasna tutamjulia hali. Kuhusu hotuba yako, sitaandika nilichodhani. Naandika ulinyamaza.