Mama Kipimo na Penseli Ambayo Hakuitumia

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliosimama nasi tangu Jumatano, familia ilikuwa imepanga kuanza na kuzaliwa kwa marehemu kama inavyotakiwa, lakini inabidi tuanze na laki nane, kwa sababu jana saa kumi alasiri afisa utumishi wa taasisi ya utafiti wa miamba alifika sebuleni kwa marehemu na bahasha ya kiasi hicho, akasema ni rambirambi, akaomba kuiona karatasi hii, akaisoma mpaka ukurasa wa pili, kisha akamwambia mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea ambaye ndiye anayewasomea hapa, "Shemeji, hiki kipande cha penseli tukiruke, msibani si mahakamani." Fundi akamjibu kwamba yeye si shemeji yake, kwamba historia ya dada yake ikitolewa hicho kipande zinabaki tarehe mbili tu, ya kuja na ya kuondoka, na kwamba bahasha airudishe mfukoni kabla chai haijapoa. Maneno yakapanda, watoto wakatolewa nje, bahasha ikaondoka kama ilivyokuja, na kwa hiyo leo kitasomwa kila kitu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kipimo, alizaliwa tarehe 19 Septemba 1962, mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa mpasua kokoto na mama yake mfuaji wa nguo za watu. Alianza shule ya msingi Januari 1970, akamaliza darasa la saba Novemba 1976 akiwa wa pili kwa hesabu, na hapo masomo yakaishia, kwa kuwa nyumba ilikuwa na ada ya mtoto mmoja na akachaguliwa kaka, jambo ambalo hakulisema kwa uchungu ila alilisema kila mwaka.

Tarehe 5 Oktoba 1981 aliajiriwa na taasisi hiyo kama mfagiaji wa ghala. Ghala lile ni refu, halina dirisha, na lina rafu za mbao zenye masanduku ya mawe yanayotolewa ardhini kwa mtambo wa kuchoronga, mawe marefu ya mviringo mfano wa mchi wa kutwangia, na wenyewe huyaita michi. Kila mchi lazima uandikwe umetoka mita ngapi na upande upi ulikuwa juu, kwani ukigeuzwa, ardhi nzima imesomwa miguu juu kichwa chini. Mwaka 1984, akiwa na ufagio mkononi, aliwaambia wataalamu watatu kwamba sanduku walilokuwa wakilijadili tangu asubuhi limegeuzwa, wakacheka, wakapima, wakaligeuza, na mwezi uliofuata akapewa kazi ya kuandika vipimo. Mchorongaji mkuu wa wakati huo alimfundisha kulichora jiwe kwa ncha ya msumari na kulipaka alama kwa rangi nyeupe, si kwa penseli, maana penseli hufutika kwa maji, na tena ncha ya penseli yenyewe ni kaboni, inaweza kuchafua majibu ya maabara. Sheria hiyo aliishika miaka kumi na tano bila kuivunja hata siku moja.

Tarehe 8 Juni 1985 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya stendi, mtu wa maneno machache na mikunjo iliyonyooka, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1986 na wa kike mwaka 1990, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Tarehe 12 Agosti 1998, katika shimo namba saba, kutoka mita 1,412, ulitoka mchi mweusi unaoacha weusi kidoleni. Marehemu aliuosha, akauchora kwa msumari, akaingiza kipimo kwenye daftari lake, akamwambia mumewe jioni ile kwamba ameshika kitu ambacho hakijaona jua tangu dunia iumbwe. Maabara ikathibitisha kuwa ni kaboni, tena nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na tarehe 2 Februari 1999 mkurugenzi akatangaza redioni kwamba chini ya miguu yetu kuna kaboni nyingi kuliko iliyo kwenye misitu yote ya juu yake.

Yaliyofuata mnayakumbuka, na wengine wenu mliyafanya. Watu walisikia kaboni wakaelewa mkaa, wakasema mji umejengwa juu ya jiko, wapangaji wakahama, bei ya viwanja ikashuka kisha ikapanda waliposikia kwamba almasi nayo ni kaboni, watu wakachimba vyooni na chini ya vitanda, ukuta wa jirani mmoja ukaanguka, na mhubiri wa sokoni akatangaza kwamba taasisi imetoboa paa la jehanamu. Marehemu alijaribu kueleza pale bombani, akasema, "Kaboni hata wewe unayo, mama, kwenye nywele na kwenye kucha, na haijakuunguza," naye muuza mkaa akamjibu, "Basi tukuchome wewe leo, tupate kupikia," watu wakacheka, yeye akacheka pia, akabeba ndoo yake. Wiki ileile mawe yalirushwa kwenye bati la nyumba yake, na wateja wa mumewe wakaja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa.

Wakubwa walipochoka na kelele, wakatafuta mlango wa kutokea. Tarehe 21 Mei 1999 marehemu aliitwa mbele ya kamati ya watu watano, chumba cha mikutano, ghorofa ya kwanza, akaulizwa, "Mama, kazini unatumia penseli?" naye, kwa kuwa hakujua kusema nusu, akajibu, "Natumia kwenye daftari, kwenye jiwe situmii, jiwe nalichora kwa msumari." Karani akaandika kwamba mhusika amekiri kutumia penseli. Akapewa kalamu asaini, akasaini bila kusoma, akidhani aliyoyasema ndiyo yaliyoandikwa, na hilo ndilo kosa lake pekee katika miaka kumi na minane ya kazi. Tarehe 1 Juni akafukuzwa, gazeti likaandika kuwa kaboni ile ilitoka kwenye penseli ya mfanyakazi wa darasa la saba, na mtaani akawa Mama Penseli, jina ambalo hata wanawe walitaniwa nalo shuleni.

Mumewe alifariki tarehe 30 Aprili 2006, cherehani ikiwa imeshauzwa. Mwaka 2009 taasisi ilichoronga shimo lingine mita arobaini kutoka lile la kwanza, michi ikaandikwa kwa kugongwa chapa ya chuma na watu wengine kabisa, na kaboni ileile ikatoka kwenye kina kilekile. Mkurugenzi akapewa nishani. Marehemu aliiona sherehe ile kwenye televisheni ya saluni alikokuwa akifagia, akamaliza kufagia, akaenda nyumbani, akaandika barua ya kwanza kati ya barua kumi na nne alizoipelekea taasisi kudai jina lake lisafishwe. Zote zilipigwa mhuri wa kupokelewa, hakuna iliyojibiwa.

Kikohozi kilianza Julai 2016. Mtaani wakasema kaboni imemdai, lakini daktari aliyepiga picha ya kifua alimweleza kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, yale aliyokuwa akiyakata kwa msumeno ghalani bila kitambaa puani, kwa sababu barakoa zilikuwa za wataalamu. Kuanzia Desemba 2023 hakuweza kulala chali, binti yake akawa anamkalisha na mito, na tarehe 6 Machi 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, alifariki akiwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani, akiwa na miaka sitini na moja.

Familia inamshukuru daktari wa kifua aliyemwambia ukweli na wauguzi waliombadilishia mitungi ya oksijeni bila kununa, inawashukuru majirani, pamoja na wawili waliorusha mawe na wakaja baadaye kusema samahani, na inamshukuru mchorongaji mkuu mstaafu, aliyekaa pale mstari wa pili, ambaye peke yake katika wafanyakazi wenzake aliandika kwa mkono wake kwamba lile jiwe lilichorwa kwa msumari.

Dada, umechoka, lala sasa, yaliyobaki ni yetu.

Na kwa kuwa afisa utumishi amerudi leo na amesimama pale karibu na geti, asikie pamoja nanyi. Tunataka barua moja, yenye saini ya mkurugenzi na mhuri, inayosema kwamba huyu mama hakuweka penseli kwenye jiwe na kwamba mchi wa mita 1,412 uliandikwa na yeye, kwa jina lake kamili, na isomwe kwenye redio ileile. Tutaifuata ofisini Jumatatu tarehe 18 Machi, saa tatu asubuhi.