Shingo ya Mwisho ya Dada Emiliana

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Emiliana Calist anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kushona magauni ya harusi katika karakana yetu ya ushirika hapa Mandewa. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Festo, fundi wa suruali, niandike wasifu wake, kwa kuwa cherehani yangu na yake zimetazamana kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za mji huu. Nimekubali, ingawa najua atausoma huku akitafuta mahali pa kunirekebisha.

Alizaliwa Mwankoko, akajifunza kushona kwa masista, kisha akaja kwetu kushona sare za shule. Sare hazikumfaa. Alikuwa akizigeuza kola kila alipochoka nazo, mpaka walimu wakalalamika kwamba watoto wa darasa moja wanaonekana wametoka shule tofauti. Meneja wa wakati ule, mzee Leonidas, badala ya kumfukuza akamhamishia kwenye magauni ya maharusi, ambako hakuna anayetaka kufanana na mwenzake. Hapo ndipo alipopata riziki yake na jina lake. Waliotoka Iramba, Mkalama na Manyoni kuja kumtafuta hawakumuulizia Emiliana. Walimuulizia yule mama wa shingo.

Kwa wenzetu wa ofisini wanaodhani gauni la harusi ni sketi ndefu na shanga, nieleze kidogo. Sketi huonwa na watoto wanaokimbia nyuma yake. Kinachobaki kwenye picha ukutani ni uso na shingo ya gauni, basi. Mwenye uso wa mviringo na shingo fupi dada Emiliana alimkatia V, ili jicho lipate njia ya kushuka. Mwenye mabega membamba alimpa shingo pana inayotambaa toka bega hadi bega, na mwenye mabega mapana alimnyima hiyohiyo hata akilia. Akija binti mwenye shingo ya upanga, basi alimkatia kola ya kusimama yenye lesi, na siku hiyo tulifanya kazi kwa nyimbo, maana shingo za namna hiyo haziji kila wiki.

Lakini swali lake la kwanza halikuhusu mabega. Aliuliza: "Mwaka huu umelima na fulana gani?" Wageni walidhani amechanganyikiwa. Sisi tulijua habari ya Hana wa Mwankoko, aliyeposwa wakati wa mavuno ya alizeti. Alikuwa ameona kwenye gazeti gauni la mabega wazi, akalitaka hilohilo, na dada Emiliana, ambaye bado alikuwa mgeni katika kazi, akamkatia. Hakuna aliyekumbuka kwamba Hana ameshinda shambani msimu mzima na fulana ya shingo ya duara. Siku ya harusi jua la Singida lilikuwa limeshaacha alama yake: juu rangi moja, chini rangi nyingine, na mpaka umechorwa sawasawa. Wageni wa upande wa bwana harusi waliulizana kwa nini bibi harusi hakuvua fulana. Tangu hapo kila binti wa mkulima aliambiwa abadilishe nguo ya shamba mapema, au akubali shingo iishie pale jua lilipoishia.

Baada ya swali hilo binti alipigishwa magoti palepale sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa. Huku kwetu bibi harusi hashindi kutwa amesimama kama picha. Anapiga magoti kwa baba mkwe, kwa mama mkwe, kwa shangazi wa kila upande, na gauni lililopendeza mbele ya kioo linaweza kufunguka lote kwenye shikamoo ya kwanza. Mimi nilikuwa naamriwa kugeukia ukuta. Nimeufahamu ukuta huo vizuri.

Siku ya kuchagua shingo ilikuwa nusu sherehe. Binti hakuja peke yake hata siku moja. Alikuja na mama, mama wadogo, shangazi na jirani mmoja ambaye hakualikwa, na wote walikuwa na maoni. Walikuja na kuku wa kienyeji kwenye hotpoti, kwa sababu ubishi wa shingo ulipita saa ya chakula. Wengine walinong'ona Kinyaturu wakidhani fundi hasikii, naye akawajibu kwa Kinyaturu, karakana nzima ikacheka. Dada Emiliana alikuwa anakaa katikati yao na futi yake shingoni, na ukimtazama ungesema ni wa ukoo.

Halafu gauni linaisha. Hili hatukuwahi kulizungumza kazini, na leo nalisema. Kila gauni lilipokwisha, ukoo mzima uliondoka nalo. Binti alikwenda kwa mumewe, shangazi walirudi kwao, na dada Emiliana alibaki anafagia nyuzi. Mume wake, Calist, aliyekuwa mfanyakazi wa reli Itigi, alifariki zamani, na Mungu hakuwajalia mtoto. Kwa miaka yote hii mtu huyu amezoeana na watu kwa wiki chache, kisha akawapoteza, kisha akaanza upya na wengine. Alikuwa wa kwanza kufika asubuhi na wa mwisho kuondoka jioni, na sisi tukampa cheti cha mfanyakazi bora. Hatukujiuliza kwa nini hana haraka ya kwenda nyumbani.

Mwezi wa nane, akiwa ameshapewa tarehe ya kustaafu, alikuja binti anaitwa Ritha, muuguzi, mzaliwa wa Manyoni. Alikuja peke yake. Mama yake alifariki akiwa mdogo, bibi aliyemlea naye alifariki mwaka jana, na mchumba wake, Frank, alikuwa kazini Tabora. Alisimama mlangoni akaamkia, kisha akaomba radhi kwamba hana mtu wa kumsaidia kuchagua. Dada Emiliana akavuta kiti, akamkalisha.

Ritha ana uso mwembamba na mabega ya wastani. Hata mimi fundi wa suruali niliona kwamba shingo ya duara ingetosha, na ndiyo dada Emiliana aliyomkatia, na ilimkaa vizuri. Ajabu ni kwamba Jumamosi iliyofuata alimwita tena, akasema duara halimtendei haki, akalifumua. Akaweka shingo yenye umbo la moyo. Ikapendeza. Akamwita tena, akaifumua. Akaweka V. Vijana wa karakana wakaanza kumtania kwamba uzee umeingia mikononi. Yeye akaendelea kufumua.

Sasa, wenye kazi hii mnajua kwamba satini haisahau sindano. Ukifumua, matundu yanabaki, na dawa yake ni moja tu: kukata chini ya matundu. Kwa hiyo kila Jumamosi shingo ya Ritha ilishuka kidogo. Nilipiga hesabu zangu nikaona kwamba tukiendelea hivi binti atafika kanisani na gauni ambalo mchungaji atalibariki akiwa ameangalia dari. Nikamwambia hivyo dada Emiliana kwa utani. Hakucheka. Aliweka mkasi mezani, na nikaona macho yake yamejaa machozi.

Jumamosi iliyofuata Ritha alipofika, hakupimwa chochote. Dada Emiliana alimwambia mbele yangu, bila kuzunguka:

"Mwanangu, shingo yako ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakuita tu."

Ritha akamjibu: "Najua, mama. Ndiyo maana nilikuwa nakuja."

Niligeukia ukuta bila kuamriwa. Baadaye walitafuta kipande cha lesi wakapandisha ile V mahali pa heshima, na nitasema ukweli, ndiyo shingo nzuri kuliko zote zilizotoka kwenye meza ile. Mwezi wa kumi Ritha alifunga ndoa, na kwenye kiti cha mama wa bibi harusi alikaa Emiliana Calist, amevaa gauni la kitenge alilojishonea na viatu vilivyombana. Wiki hiyohiyo Ritha alihamia Tabora. Jumatatu nilimkuta dada Emiliana ameshafungua karakana, amekaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa. Aliniambia kwamba wanapigiana simu, kisha akaniuliza kama nina suruali za kupindwa. Suruali! Mtu ambaye hajawahi kuziheshimu suruali zangu.

Wasifu wa namna hii hutakiwa kutaja mafanikio. Amefundisha mafundi wengi, na Kristina anayerithi meza yake ni mmoja wao. Hajawahi kuchelewesha gauni, ukiacha hilo moja la Ritha. Ushirika ulitaka kumzawadia cherehani mpya aende nayo nyumbani, akakataa, akasema cherehani kwenye nyumba isiyo na mtu wa kujaribishwa nguo ni kelele tu. Wajumbe wa kamati walidhani ni unyenyekevu. Mimi nawaambia haukuwa unyenyekevu. Dada yetu anaiogopa Jumatatu, na mimi pia naiogopa, kwa sababu nitainua macho kutoka kwenye suruali na mbele yangu hatakuwepo. Nitamkosa sana.

Basi ninaomba jambo moja kwa niaba yake, na najua atanikasirikia. Nyumba yake iko Unyambwa, ukipita mashine ya kukamua alizeti, mlango wa bluu. Msiende na kitambaa. Macho yake yamechoka, na kazi ametufanyia ya kutosha. Nendeni na njaa, maana hajawahi kujifunza kusonga ugali wa mtu mmoja. Ninyi maharusi wa zamani mlioko hapa mjini, ambao picha zenu ziko ukutani hadi leo, pelekeni watoto wakamwone. Kaeni mpaka awachoke.

Dada Emiliana, asante kwa kila shingo, na kwa kila asubuhi uliyotufungulia mlango wa karakana. Wengine watakutakia pumziko jema. Pumziko unalo tele, hatukuongezei. Sisi tunakutakia hodi nyingi, na ya Jumatatu jioni ni yangu.